Wazamiaji walikataa kuingia pale binti anapooshea vyombo

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu Jumatatu jioni.

"Habari dada. Mimi ni msomaji wako, naishi Lundo, Wilaya ya Nyasa. Wamekuja vijana wawili wana mitungi ya hewa, wanatafuta sehemu za kuzamia ziwani. Mwanangu wa miaka 13 ndiye anawaonyesha miamba. Sasa na yeye anataka azame nao. Baba yake yuko Songea kikazi, ameniachia mimi niamue. Nimruhusu au nimkatalie?"

Nilikuwa Mbinga kwa kazi nyingine. Nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwandishi. Umeona swali langu?"

"Nimeliona. Naomba usimjibu kijana leo. Kesho kutwa nitashuka huko."

"Ukija nitashukuru. Hapa hanipi usingizi."

Kabla sijaendelea, niweke jambo moja sawa. Wazamiaji ninaowazungumzia hapa si wale wa kujificha kwenye meli kwenda Ulaya. Ni watu wanaoingia chini ya maji wakiwa na mtungi mgongoni, miwani usoni na kifaa cha kupumulia mdomoni. Hapa nchini wengi wao huenda baharini: Mafia, Pemba na Mnemba. Kwenye maji baridi ya ziwa si kawaida. Ng'ambo ya pili ya ziwa letu, upande wa Malawi, watalii wamezamia kwa miaka mingi Cape Maclear, Nkhata Bay na kisiwani Likoma. Upande wetu wa Ruvuma bado ni watu wachache wanaokuja kupeleleza, kama hawa vijana wawili.

Jumatano asubuhi nilishuka. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 67 za lami, na mwili unaijua safari hiyo kabla ya macho. Unaacha baridi, kahawa na mashamba ya ngoro ya Wamatengo, unashuka kona baada ya kona, masikio yanaziba na kuzibuka, kisha joto la ziwa linakupokea. Naomba mkumbuke hayo masikio, nitayarudia. Kutoka Mbamba Bay nikaendelea kaskazini kwa njia ya Liuli hadi Lundo.

Walianza kwa kukaa chini ya mwembe

Nilidhani nitawakuta vijana wale tayari majini. Niliwakuta wamekaa chini ya mwembe na wavuvi wanne, daftari mkononi, wanauliza maswali. Mitungi ilikuwa bado kwenye gari, imefunikwa turubai isipigwe na jua.

Mmoja wao, kijana wa Dar es Salaam aliyesomea kazi hiyo, aliniambia kwamba sehemu mpya huwa haiingiwi siku ya kwanza. Kwanza unauliza wenyeji. Kisha unaizunguka kwa mtumbwi. Kisha unaingia na miwani na mrija tu, bila mtungi. Mtungi huja mwisho, na mara nyingine hauji kabisa.

Nikamwomba aniandikie maswali wanayouliza. Yalikuwa matano. Nimeyabeba hadi kwenye ukurasa huu kwa sababu nilipoyasoma niliona kwamba kila mzazi anayeishi kando ya ziwa, mto au bwawa angepaswa kuwa nayo.

Swali la kwanza: nini kinaingia kwenye maji haya?

Wavuvi waliwaeleza kuhusu mito. Mto ukifurika wakati wa masika huleta tope, na tope humfanya mzamiaji asione hata mkono wake. Mto mkubwa wa upande huu, Ruhuhu, unaingia ziwani kule Lituhi na Manda, na midomo ya mito ndiyo mahali pa mamba. Kwa hiyo midomo ya mito ilifutwa kwenye orodha mara moja.

Kisha wakauliza jambo ambalo sikulitarajia: watu wa hapa wanajisaidia wapi? Je, vyoo viko karibu na ufuko? Watoto wakiwa wanaogelea, wanakojoa majini?

Wavuvi wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Mwanangu, mtoto gani hajakojoa ziwani?"

Kijana yule hakucheka. Akaandika kwenye daftari lake.

Swali la pili: nani anaishi humu?

Jibu linalowavuta wageni ni samaki. Ziwa Nyasa lina zaidi ya aina 800 za samaki, na wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Wale wadogo wa rangi wanaokaa miambani, wanaoitwa mbuna, ndio wanaofugwa kwenye matangi ya vioo Ulaya na Marekani. Wafugaji hao huwataja samaki kwa jina la mahali walikotoka, na jina la kisiwa cha Lundo wanalijua watu ambao wasingeweza kuionyesha Mbinga kwenye ramani.

Wazazi mtawapenda mbuna. Mama akishataga huyaokota mayai na kuyabeba mdomoni, na humo humo yanaanguliwa. Hukaa hivyo kwa takriban wiki tatu akiwa hali au anakula kidogo sana. Kambare mmoja wa ziwa hili, ambaye Wamalawi humwita kampango, anawazidi: baba na mama hulinda kiota pamoja, na mama huwalisha watoto mayai yake mengine yasiyorutubishwa.

Lakini wapelelezi wale walitafuta pia mkaaji mwingine, mdogo kuliko ukucha. Konokono.

Walipita kwa mtumbwi sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa miamba mbali kidogo na kijiji, maji maangavu. Wakaiwekea alama ya ndiyo. Ya pili ilikuwa miamba ya kisiwani. Ndiyo, kwa siku isiyo na upepo. Ya tatu ilikuwa ghuba ndogo yenye mchanga na matete pembeni, maji yametulia kama ya kwenye beseni. Mimi ningeichagua hiyo kwanza. Ni karibu, haina mawimbi, unaingia kwa miguu.

Kijana akachota mchanga na majani kwa kichujio, akachambua, akaonyesha konokono wawili. Akaandika: hapana.

"Hata ukiwa na ile suti?" nikamuuliza.

"Suti haifuniki uso wala mikono, na maji yanaingia ndani yake. Sehemu kama hii siingii."

Mama aliyeniandikia ujumbe alikuwa amesimama nasi ufukweni. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hapo ndipo tunapochota maji. Binti yangu anaosha vyombo hapo kila siku."

Tukageuka. Binti wa miaka tisa alikuwa pale pale, maji yamefika magotini, anasugua sufuria kwa mchanga. Ilikuwa saa sita mchana.

Tulikuwa tunamlinda mtoto mmoja

Hapo swali lililonitoa Mbinga lilibadilika. Kwa siku tatu mama huyu alikuwa halali kwa sababu ya kijana anayetaka kuzama dakika ishirini. Binti yake anasimama majini kila siku, asubuhi na mchana, na hakuna aliyeandika ujumbe wowote kuhusu yeye. Simlaumu mama. Hatari tuliyoizoea haituamshi usiku.

Kichocho huenea hivi. Mtu mwenye ugonjwa akikojoa au kujisaidia majini, mayai ya minyoo huanguliwa na kutoa vijidudu vinavyotafuta konokono wa aina fulani. Ndani ya konokono vinaongezeka, kisha vinatoka maelfu kwa maelfu vikiogelea kutafuta binadamu. Havihitaji mtoto anywe maji. Vinapenya ngozi yake akiwa amesimama tu. Kwa kichocho cha mkojo, vijidudu hutoka kwa wingi katikati ya mchana, jua likiwa kali, yaani saa zile zile watoto wetu wanapotoka shule na kukimbilia ziwani au kuoshea vyombo vya mchana.

Kwa muda mrefu wageni waliambiwa kwamba fukwe wazi za ziwa hili hazina kichocho. Mwaka 1992 wafanyakazi wawili wa kujitolea wa Peace Corps ya Marekani waliokuwa Malawi waliugua kichocho kilichofika kwenye mfumo wa fahamu. Uchunguzi uliofuata uliwakuta wageni na wakazi wengi wa Malawi waliogusa maji ya ziwa wakiwa na maambukizi.

Watafiti waliofanya kazi upande huo wamehusisha kuongezeka kwa kichocho tangu miaka ya 1980 na uvuvi uliopita kiasi karibu na fukwe. Yupo samaki ambaye chakula chake ni konokono, anayeitwa kitaalamu Trematocranus placodon. Nyavu za kukokota zilipommaliza kwenye maji mafupi, konokono walibaki bila adui. Kwa hiyo anayevua kwa kokoro ufukweni anamaliza pia walinzi wa watoto wake.

Dalili ambazo huwa tunazipa majina mengine

Dalili inayojulikana ni damu kwenye mkojo, hasa matone ya mwisho, na maumivu wakati wa kukojoa. Zipo jamii ambazo mvulana akikojoa damu huambiwa amekua. Hajakua, anaumwa. Kichocho cha tumbo huleta maumivu ya tumbo, kuharisha na damu kwenye choo. Mtoto anaweza pia kupungukiwa damu, kuchoka, kudumaa na kushuka darasani bila dalili kubwa ya kumshtua mzazi.

Kwa mabinti kuna jambo la ziada ambalo nalisema bila kuzunguka, kwa sababu kulionea aibu kumewaumiza wengi. Mayai ya kichocho cha mkojo yanaweza kukwama kwenye via vya uzazi na kuleta vidonda, uchafu, kuwashwa, kutokwa damu na maumivu. Baadaye yanaweza kuchangia ugumba na kurahisisha maambukizi ya VVU. Shirika la Afya Duniani limetaja makadirio ya wanawake na wasichana milioni 56 wenye hali hiyo. Wengi wao huambiwa wana ugonjwa wa zinaa. Binti anayeishi kando ya ziwa akieleza dalili hizo, tusianze kumhoji anatembea na nani. Tuanze kuuliza anaogea wapi, na tumpeleke kupimwa.

Mama yule aliwapeleka watoto wote wawili kituo cha afya kesho yake. Ameniruhusu nisimulie bila majina. Mkojo wa kijana haukuwa na mayai. Wa binti ulikuwa nayo.

"Mwaka huu alikuwa analalamika tumbo," aliniambia tulipokaa kwenye benchi. "Nikamwambia ni njaa ya kuchelewa kula."

Tiba ipo, na ni ya siku moja: vidonge vya praziquantel, kwa kipimo kinachotegemea uzito au urefu wa mtoto. Apewe baada ya kula, maana tumbo tupu huongeza kichefuchefu na kizunguzungu. Hii ndiyo dawa wanayopewa watoto wa shule za msingi kwenye kampeni za kingatiba, na baadhi ya wazazi huwaficha watoto siku hiyo kwa kuogopa uvumi. Tafadhali tusiwafiche. Kwa watoto wadogo, Shirika la Afya Duniani lilielekeza mwaka 2022 kwamba kingatiba inaweza kuanzia miaka miwili kwenye maeneo yenye maambukizi mengi. Muulize mtoa huduma kipimo chao, usikate kidonge mwenyewe nyumbani.

Dawa huua minyoo iliyokomaa. Ile michanga inaweza kubaki, na mtoto akirudi kwenye maji yale yale anaambukizwa upya. Ndiyo maana dawa peke yake haitoshi.

Swali la tatu: kina kinaanza wapi, na upepo unatoka wapi?

Ziwa Nyasa lina kina cha takriban mita 700 mahali pake pa ndani kabisa, na sehemu nyingi za upande wetu ukingo wake hautelemki polepole. Unatembea hatua kumi maji yakiwa kifuani, ya kumi na moja hakuna ardhi. Wapelelezi walikuwa na kamba yenye mafundo kila mita. Waliishusha kila baada ya hatua chache na kuandika.

Upepo waliwaachia wavuvi. Miezi ya Mei hadi Agosti upepo wa kusini hupandisha mawimbi ambayo mtu wa bara haamini ni ya ziwa. Hata chombo kikubwa hakina kinga: meli ya Vipya ilizama upande wa Malawi Julai 1946 na watu 145 wakafa, wiki chache tu baada ya kuanza kazi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto mdogo hapigi kelele anapozama. Hana pumzi ya kupigia kelele. Kamba yenye mafundo haina gharama. Baba au mjomba anaweza kuishusha jioni moja, kisha akachomeka mti pale kina kinapoanza, na watoto wakaambiwa: mwisho wetu ni hapa, na hapa hatuji bila mkubwa.

Swali la nne: nikipata shida, natokaje?

Sasa turudi kwa kijana wetu wa miaka 13, maana hakusahaulika. Anajua kuogelea kuliko mimi. Anapiga mbizi na kuokota jiwe chini, anakaa huko mpaka unaanza kuhesabu. Mama yake aliona hiyo ni sababu ya kumruhusu.

Mzamiaji aliona ni sababu ya kuogopa.

Mtoto wa ziwani amejifunza tangu utotoni kubana pumzi. Kwenye mtungi, kubana pumzi ndilo kosa linaloua. Mita kumi chini ya maji, mgandamizo unakuwa takriban mara mbili ya ule wa juu. Hewa anayovuta kutoka mtungini imebanwa kwa kiasi hicho hicho. Akipanda huku amebana pumzi, hewa ile inatanuka ndani ya mapafu na inaweza kuyachana. Hilo linaweza kutokea hata akipanda kutoka kina kisichozidi kimo cha mtu mzima. Anayezamia na mtungi hufundishwa kupumua muda wote na kupanda taratibu, na hufanya mazoezi hadi mwili usahau mazoea yake ya zamani. Mafunzo hayo hayafanyiki kwa dakika tano juu ya mtumbwi.

PADI, moja ya mashirika makubwa ya kufundisha uzamiaji duniani, huanza kutoa cheti cha watoto katika miaka 10. Wa miaka 10 na 11 hawaruhusiwi kupita mita 12, na wa 12 hadi 14 hawapiti mita 18, wote wakiwa na mtu mzima mwenye sifa. Kabla ya hapo kuna fomu ya afya. Mtoto mwenye pumu, kifafa, historia ya kuzimia au matatizo ya masikio na mapafu lazima aonwe na daktari kwanza. Mwenye mafua asiingie siku hiyo, kwa sababu asipoweza kusawazisha hewa masikioni, ngoma ya sikio inaweza kupasuka.

Vijana wale wana vyeti vya kuzamia lakini si walimu. Wao wenyewe walimwambia mama: "Hatuwezi kumpa mtungi. Tukimpa tutakuwa tumekosea." Niliwaheshimu kwa hilo. Mzazi, ukikutana na mtu anayemwahidi mwanao mtungi bila fomu ya afya, bila cheti cha ualimu na bila mafunzo, jibu lako ni hapana, hata kama ni mjomba wake.

Swali la tano: nikishatoka, nini kinafuata?

Jumamosi saa tano asubuhi wale vijana walikuwa wamemaliza kuzama. Mama akawaonea huruma. "Si mpande gari la leo mkalale Mbinga?"

Wakasema watalala Lundo hadi kesho yake. Hapo ndipo yale masikio niliyowaambia mkumbuke yanaporudi.

Mzamiaji akiwa chini, naitrojeni iliyomo kwenye hewa anayovuta huyeyuka kwenye damu na misuli. Akipanda taratibu inatoka kidogo kidogo kwa pumzi. Mgandamizo ukishuka haraka inatoka kama povu la soda, na povu hilo linaweza kuleta maumivu ya viungo, kupooza, hata kifo. Uso wa Ziwa Nyasa wenyewe uko zaidi ya mita 450 juu ya usawa wa bahari, na wazamiaji huhesabu kila kinachozidi mita 300 kuwa ni kuzamia kwa mwinuko, kwenye vipimo vyake maalumu. Mbinga iko juu ya mita 1,000. Kupanda kona zile mara baada ya kuzama ni sawa na kupanda ndege. Mwongozo wa DAN, mtandao wa usalama wa wazamiaji, ni kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzama mara moja, na saa 18 kwa aliyezama mara kadhaa.

Mtalii aliyezoea Zanzibar anaweza asilijue hilo. Wenye nyumba za wageni na madereva wa Mbamba Bay, mnaosoma ukurasa huu, mnaweza kuokoa mtu kwa kumuuliza: ulizama lini?

Kwa kichocho, kinachofuata ni kupima. Aliyegusa maji mara moja, kama mgeni, apime baada ya wiki sita hadi nane, kwa sababu mapema mno mayai hayajaanza kutoka. Mtoto anayeishi hapa hana haja ya kusubiri. Mpeleke wiki hii. Mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana ndio unaoonyesha mayai vizuri zaidi.

Kile tulichokifanya nyumbani kwa mama yule

Hatukumwambia binti asiguse ziwa. Hiyo ingekuwa hotuba, na sufuria zingeendelea kuwa chafu. Tulifanya mambo madogo.

Maji ya kuoshea na kuogea sasa yanachotwa asubuhi na mapema na mtu mzima, yanamiminwa kwenye pipa lenye mfuniko na kukaa siku mbili kabla ya kutumika. Vijidudu vya kichocho visivyopata ngozi hufa ndani ya muda huo. Maji ya haraka yanachemshwa. Ya kunywa yanachemshwa kama kawaida, kwa sababu ya magonjwa mengine. Meza ya kuoshea vyombo imejengwa kwa miti nyuma ya jiko. Kukojoa majini kumepigwa marufuku kwa watoto wote, na kijana amepewa kazi ya kuwasimamia wadogo. Kujifuta kwa taulo haraka baada ya kutoka majini wanaendelea nako, lakini mama anajua si kinga ya kutegemea.

Wale vijana waliacha nakala ya ramani yao kwa mwenyekiti wa kijiji. Ina alama mbili za ndiyo na moja ya hapana. Mwenyekiti ameibandika ofisini.

Na kijana? Ijumaa asubuhi, ziwa likiwa limetulia, mama yake alimruhusu aende na mtumbwi hadi ile miamba ya kwanza. Alivaa koti la kuokolea, miwani na mrija, bila mtungi, mzamiaji mmoja akiwa majini ubavuni mwake na mvuvi juu ya mtumbwi. Mbali na matete na vyoo hatari ya kichocho hupungua, ingawa haiishi, kwa hiyo tarehe yake ya kupima imeandikwa kwenye kalenda ukutani.

Alikaa uso majini kama nusu saa. Aliporudi alikuwa anatetemeka midomo na hataki kufungwa kanga.

"Mama, yule samaki alifungua mdomo, watoto wakaingia wote!"

"Wakaingia wapi?"

"Mdomoni kwake! Alituona, akawaita, wakaingia!"

Mama alimtazama, kisha akamtazama binti yake aliyekuwa amekaa kwenye kivuli na kikombe cha uji, siku moja baada ya kumeza dawa.

"Kesho," alimwambia binti, "na wewe utapewa hiyo miwani. Lakini si kule kwenye vyombo."

Wazazi wa Lundo, Liuli, Mbamba Bay na kote mnakoishi na maji mlangoni: wiki hii chukueni maswali haya matano, nendeni mahali watoto wenu wanapoingia majini, mkayajibu mkiwa mmesimama pale pale. Mkiona hapana, msisubiri mgeni mwenye mtungi aje kuwaambia.